KHOFU YA MARADHI NA HAKI YA MGENI

Shukrani zote anazistahiki Mwenyezi Mungu, aliyejaalia afya na maradhi, akawapa waja wake akili ya kupambanua lenye manufaa na lenye madhara. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na Sahaba zake, na kila aliyeshika njia yao.

Ama baada ya hayo: ni machache yanayofichua yaliyomo nyoyoni mwa watu kama khabari ya maradhi yauayo kukaribia mlango wao. Siku za raha kila mtu humkaribisha mgeni, na kila mtu husifu udugu. Lakini ikisikika kwamba maradhi ya kutisha yamevuka bahari, mara mgeni yule yule hutazamwa kwa jicho la shaka. Kikohozi chake huwa kesi, na pasipoti yake huwa hukumu. Suali linalotazamwa katika kurasa hizi ni hili: mtu aliye salama anaruhusiwa kufanya nini kwa ajili ya kujilinda, na nini hakimjuzii hata akiwa na khofu? Na yule atokaye penye maradhi, ana wajibu gani, na ana haki gani?

Suali hili haliwahusu matabibu na serikali peke yao. Jamaa za Waswahili wanaokaa Muscat, Dubai na London wana ndugu zao Zanzibar, Mombasa, Bujumbura na Goma. Husafiri kwenda arusini na matangani, na pasipoti zao hugongwa mihuri ya nchi ambazo majina yake hutajwa katika khabari za maradhi. Leo wao ndio wenye nyumba wanaoogopa, na kesho ndio wageni wanaoogopwa. Kwa hivyo yawapasa kulijua jawabu la pande zote mbili, wala wasijifunze upande mmoja tu.

MARADHI YALIPOFIKA LONDON

Watu wengi hudhani kwamba maradhi ya Ebola yalifika Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Sivyo. Maradhi haya yalijulikana mwaka 1976, yalipozuka kusini ya Sudan na katika kijiji cha Yambuku, kaskazini ya Kongo, nchi ambayo wakati ule ikiitwa Zaire. Na jina lake limetokana na mto Ebola ulio katika sehemu hizo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, mtaalamu mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akivichunguza virusi hivyo katika maabara ya Porton Down alijichoma sindano kidoleni kwa bahati mbaya. Siku chache baadaye alishikwa na homa. Akapelekwa hospitali ya Coppetts Wood, kaskazini ya London, akalazwa ndani ya hema la plastiki lililomtenga na waliokuwa wakimuuguza. Aliugua sana, kisha akapona, na hapana mtu mwengine aliyeambukizwa.

Katika khabari hiyo mna jambo lisilofaa kupitwa upesi. Miongoni mwa dawa alizopewa mgonjwa yule ni maji ya damu yaliyotolewa katika miili ya watu wa Afrika waliokwisha kuugua maradhi hayo wakapona. Mtu wa London alisaidiwa kwa damu ya watu ambao hakuwahi kuwaona, na ambao wangalifika mlangoni kwake siku zile, huenda asingaliwafungulia.

Mwaka 2014 mambo yalikuwa makubwa zaidi. Maradhi yalianza Guinea mwishoni mwa mwaka 2013, yakaingia Liberia na Sierra Leone, na hadi yalipomalizika mwaka 2016 waliougua walizidi 28,600 na waliokufa walizidi 11,300. Tarehe 24 Agosti 2014, William Pooley, muuguzi kijana wa Kiingereza aliyekuwa akijitolea katika hospitali ya Kenema nchini Sierra Leone, alisafirishwa kwa ndege ya jeshi, akapelekwa hospitali ya Royal Free, iliyoko mtaa wa Hampstead, London. Akapona, na tarehe 3 Septemba akatoka hospitali. Mwezi wa Oktoba akarejea Sierra Leone kuendelea na kazi yake. Tarehe 14 mwezi huo huo, uwanja wa ndege wa Heathrow ukaanza kuwahoji na kuwapima homa abiria waliotoka katika nchi tatu zile. Mwishoni mwa Disemba muuguzi mwengine, mwanamke wa Scotland, alirejea kutoka Sierra Leone kwa njia ya Heathrow, akafika Glasgow, na huko ikathibitika kwamba ameambukizwa. Yeye naye akaletwa Royal Free, akauguzwa kwa taabu kubwa, akatoka mwezi wa Januari 2015.

Katika siku hizo palikuwa na watu waliouliza kwa nini mgonjwa wa namna hii aletwe katikati ya mji wenye mamilioni ya wakaazi. Suali lenyewe si baya, na lilikuwa na jawabu: alitiwa katika chumba maalumu, mikononi mwa watu waliosomea kazi hiyo, na katika Uingereza nzima hapana mtu hata mmoja aliyeambukizwa kutokana na wagonjwa wale.

KHOFU NI SHAHIDI, SI KADHI

Yapasa ifahamike kwanza kwamba khofu peke yake si dhambi. Mwenyezi Mungu ameitia katika maumbile ya viumbe ili wajihifadhi. Mama anayemvuta mwanawe kutoka ukingoni mwa kisima halaumiwi kwa khofu yake. Lakini khofu katika nafsi ya mtu ina cheo cha shahidi mbele ya mahkama, wala haina cheo cha kadhi. Shahidi husikilizwa, kisha huulizwa: umeona nini, umeona wapi, na unajuaje? Akishindwa kujibu, ushahidi wake huwekwa kando, hata kama anatetemeka na kulia. Mwenye kuiacha khofu yake ihukumu bila ya kuihoji amemkalisha shahidi katika kiti cha kadhi, na dhulma ndipo inapoanzia.

Basi na ihojiwe khofu ya Ebola. Inajulikana kwamba virusi hivi huambukiza kwa kugusana na damu, matapishi, jasho na maji maji mengine ya mwili wa mgonjwa, au mwili wa aliyekufa kwa maradhi hayo. Mtu hamwambukizi mwenziwe kabla ya yeye mwenyewe kuanza kuugua, na aliyeambukizwa huanza kuugua katika muda usiozidi siku 21. Kwa hivyo mwenye kumuogopa mtu aliyemuuguza mgonjwa bila ya kinga wiki iliyopita, na leo ana homa, khofu yake ina hoja. Ama mwenye kumuogopa jirani kwa sababu ngozi yake ni nyeusi, au kwa sababu ametoka bara la Afrika, huyo khofu yake haina ushahidi wowote.

Na kwamba khofu ya namna hii ilikuwepo, hapana shaka. Mwezi wa Oktoba 2014 shule moja ya msingi karibu na mji wa Manchester ilibatilisha nafasi ya mtoto aliyekuwa akitoka Sierra Leone, baada ya wazazi wengine kushitakia khofu yao, ingawa wakuu wa afya hawakuona sababu ya kumzuia. Katika siku hizo hizo watalii wengi waliacha kwenda Kenya na Tanzania, wakisema kwamba Afrika ina Ebola. Mwenye kufungua ramani ataona kwamba kutoka Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, London iko karibu zaidi kuliko Nairobi, na karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Aliyekimbia Serengeti kwa khofu ya maradhi yale akabaki London alikuwa amejisogeza kwenye kile alichokikimbia. Hivyo ndivyo khofu isiyoulizwa maswali inavyomfanya mtu: humdhulumu mwenziwe, na yeye mwenyewe haimlindi.

MAFUNDISHO YA SAFARI YA SHAMU

Waislamu si wageni wa suali hili. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), yeye na watu wake walikuwa njiani kuelekea Shamu. Walipofika mahali paitwapo Sargh walikutana na makamanda wa jeshi, wakawaarifu kwamba tauni imezuka huko. Khalifa hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina akawashauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, wakamuelekeza arejee na watu wake. Akaamua kurejea. Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kwamba wanatoka katika kadari moja ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari nyengine yake, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia aliyefika bonde lenye upande mmoja wa majani na upande mmoja mkavu: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (R.A.), akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), ambayo maana yake ni kuwa wakisikia tauni iko katika nchi wasiingie, na ikiwazukia katika nchi waliyomo wasitoke kwa kuikimbia.

Watu wengi huichukua sehemu ya kwanza ya mafundisho hayo, ile isemayo usiingie, kwani ndiyo inayomfaa aliye salama. Sehemu ya pili ndiyo nzito. Aliye ndani ya nchi yenye maradhi anaambiwa asitoke. Naye aambiwaye hivyo si lazima awe mgonjwa. Huenda ni mzima, ana watoto, na njia i wazi mbele yake. Anatakiwa akae pahala pa khatari ili watu asiowajua, walio mbali, wasifikwe na madhara. Hiyo ni sadaka kubwa kuliko ya fedha. Abu Ubayda alikaa Shamu pamoja na watu wake, akafa katika tauni ile ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra, na Muadh bin Jabal (R.A.) akafa katika tauni hiyo hiyo.

Hapa ndipo yanapopatikana maana yanayosahauliwa. Ikiwa wa ndani wanatoa sadaka ya kubaki kwa ajili ya wa nje, basi wa nje wana deni kwao. Haiingii akilini kwamba mtu amuombe mwenziwe akae katika nyumba inayoungua ili moto usienee mtaani, kisha asimpelekee hata ndoo moja ya maji. Mwenye kufunga mlango na kugeuza uso hakuyafuata mafundisho hayo. Ameyakata nusu, akachukua nusu iliyo na faida yake.

KUMFUNGIA MTU NI KUKOPA KWAKE

Historia ya London yenyewe inaonyesha tafauti ya kufunga kwa haki na kufunga kwa dhulma. Mwaka 1665 mji huo ulishikwa na tauni kubwa. Mfalme Charles wa Pili na watu wake wa karibu waliuhama mji, wakaishia Oxford, na matajiri wengi nao wakaondoka. Ama masikini, nyumba yao ikionekana ina mgonjwa ilifungwa, ikatiwa alama ya msalaba mwekundu mlangoni, ikawekwa mlinzi, na waliomo ndani, wagonjwa na wazima pamoja, wakazuiwa kutoka kwa muda wa siku 40. Mzima akifungiwa pamoja na mgonjwa, kufungwa huko kwake ni kama hukumu ya kifo. Matokeo yake yalikuwa yale yanayotarajiwa: watu waliwaficha wagonjwa wao ili nyumba zisifungwe, na wengine walitoroka. Amri iliyokusudiwa kuyazuia maradhi ikawafundisha watu kuficha.

Baadaye kidogo, tauni ile ile ilifika kijiji cha Eyam, katika jimbo la Derbyshire. Kwa mujibu wa khabari zilizopokewa, ilifika humo pamoja na vitambaa vilivyoletwa kwa fundi cherehani kutoka London. Mwaka 1666 wanakijiji, kwa kuongozwa na padri wao William Mompesson, waliafikiana kwamba hapana atakayetoka, ili vijiji vya jirani visalimike. Lakini majirani nao hawakuwaacha. Chakula kililetwa na kuwekwa mipakani, na mtawala mkubwa wa sehemu zile, bwana wa Devonshire, aliwapelekea mahitaji. Fedha za malipo ziliachwa ndani ya siki au maji ya mbio ili zisafike. Watu kiasi cha 260 walikufa katika kijiji kile, naye mke wa padri akiwa miongoni mwao.

Msomaji atazame: katika London na katika Eyam tendo la nje ni moja, nalo ni kuzuia watu wasitoke. Walakini katika London aliyefungiwa alilazimishwa na wale waliokwisha kujiokoa, na mzima hakutengwa na mgonjwa. Katika Eyam watu walishauriwa, wakakubali, wakalishwa na waliosalimika kwa sababu yao. Tafauti ya dhulma na haki haikuwa katika mlango kufungwa, ilikuwa katika kinachopitishwa mlangoni baada ya kufungwa.

Kwa mizani hiyo na yapimwe ya mwaka 2014. Daktari Sheik Umar Khan, mkuu wa matibabu ya homa za namna hii katika hospitali ya Kenema, alikuwa mtu mwenye elimu ambayo ingalimpatia kazi katika nchi nyingi. Alibaki na wagonjwa wake, akaambukizwa, na tarehe 29 Julai 2014 akafariki. Wauguzi wengi wa hospitali ile walikufa pia. Hao ndio waliokuwa ukuta kati ya maradhi na ulimwengu. Kila aliyelala salama London, Muscat au Jidda miezi ile alilala nyuma ya ukuta huo. Na chanjo ya Ebola iliyopata idhini mwaka 2019 ilijaribiwa Guinea mwaka 2015, kwa ridhaa ya watu ambao maradhi yalikuwa mlangoni kwao. William Pooley aliporejea Sierra Leone baada ya kupona, alifanya kwa mkono wake lile ambalo wengi wanadaiwa: alirejesha sehemu ya deni.

HOJA YA MWENYE KUTAKA KUFUNGA KABISA

Huenda mtu akasema: maneno haya ni mazuri, lakini virusi havijui uzuri wa maneno. Kumdhulumu msafiri mmoja ni dhara dogo, na kumruhusu mmoja mwenye maradhi huenda kukaua maelfu. Basi na ifungwe milango yote, na haki zijadiliwe baadaye.

Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani anayeitoa huwa anawaonea huruma watoto wake. Na ziko hali ambazo kufunga ni sawa. Mwaka 2014 Saudi Arabia ilisimamisha viza za Umra na Hija kwa watu wa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Hija huwakusanya mamilioni ya watu katika eneo dogo, wakisukumana bega kwa bega, wala hapana njia ya kumchunguza kila mmoja kwa siku 21. Kwa waliokuwa wameweka akiba miaka mingi uchungu wake haukuwa mdogo, lakini sababu yake ilieleweka, na mpaka wake ulijulikana: nchi zilizotajwa ni zile zenye maradhi, si bara zima.

Lakini kufunga kila mlango si kinga kama inavyodhaniwa. Tarehe 8 Agosti 2014, Shirika la Afya Ulimwenguni lilipotangaza hali ya dharura, lilishauri kwamba kusiwe na marufuku ya jumla ya safari na biashara. Sababu zake ni za akili. Njia ikifungwa kwa wanaotoka hufungwa pia kwa matabibu na dawa zinazoingia, na moto usiozimwa hukua. Tena mwenye shida hatabaki kwa sababu ya amri. Atapita njia za porini, asikokuwepo wa kumpima wala kumuandika jina. Kwa hivyo anayesema haki ijadiliwe baadaye hakuufahamu usalama wenyewe. Katika maradhi ya kuambukiza, haki ni katika nyenzo za kinga, kwa sababu mtu anayetarajia kutendewa haki ndiye anayejitokeza.

Basi mwenye kutaka kujua kama tahadhari fulani ni ya haki au ni chuki iliyovaa kanzu ya tahadhari, na aulize mambo matatu. La kwanza, je, imejengwa juu ya elimu, au juu ya uvumi? La pili, je, inamhusu kila mwenye sababu ile ile, awe tajiri au masikini, mweupe au mweusi, au inamhusu mnyonge tu? La tatu, je, anayebeba uzito wake anapewa badala yake: chakula, dawa, heshima, na ahadi ya siku ya kufunguliwa? Ikikosekana moja, tahadhari hiyo ina kasoro. Zikikosekana zote tatu, ni dhulma.

AMANA YA MSAFIRI

Baada ya kuzitaja haki za mgeni, haifai kuunyamazia wajibu wake. Anayetoka penye maradhi amebeba amana, nayo ni ukweli. Akiulizwa wapi alikuwa, nani alimuuguza, maiti gani aliiosha, na kama ana homa, kila neno lake ni ushahidi unaohusu roho za watu. Kumeza kidonge cha kushusha homa ili upite mlango wa uwanja wa ndege ni khiyana, hata kama unahofia kukosa arusi ya dada yako. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua; na katika maradhi haya kifo hakimuumbui peke yake, humuumbua pamoja na wanawe.

Lakini ukweli nao unahitaji mahali pa kukaribishwa. Yule muuguzi wa Scotland alituhumiwa baadaye kwamba pale Heathrow aliacha iandikwe homa ndogo kuliko aliyokuwa nayo. Khabari yake ilirushwa huku na huko, na wengi walimlaumu kabla ya kusikiliza. Mwezi wa Septemba 2016 jopo la wauguzi lililomhoji lilimwondolea tuhuma, likaona kwamba wakati ule maradhi yalikuwa yamekwisha kuidhoofisha fikra yake. Mtu aliyekwenda kuwaosha na kuwalisha wagonjwa wa watu wengine karibu ageuzwe muovu, na sababu ilikuwa ni tarakimu moja ya kipimo cha homa.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea mwezi wa Novemba 2021, katika maradhi ya Korona. Wataalamu wa Afrika ya Kusini waligundua sura mpya ya virusi, ile iliyokuja kuitwa Omicron, wakautangazia ulimwengu bila ya kuchelewa. Upesi sana Uingereza ikaziweka nchi za kusini mwa Afrika katika orodha nyekundu ya safari. Hazikupita wiki tatu, tarehe 15 Disemba, nchi zote zikaondolewa katika orodha hiyo, kwani virusi vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuenea London. Aliyesema kweli mapema aliadhibiwa, na adhabu haikumlinda aliyeadhibu. Anayewafanyia watu hivi anawafundisha kunyamaza mara ya pili, na siku hiyo watakaponyamaza, atakuwa na sehemu katika dhambi ya kunyamaza kwao.

MAITI NA DHARURA

Limebaki jambo moja linalowagusa Waislamu khasa. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola umejaa virusi, na katika mwezi wa Novemba 2014 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikisia kwamba kwa uchache asilimia 20 ya maambukizo mapya hutokea katika mazishi. Wengi waliokufa Guinea na Sierra Leone ni Waislamu, ambao kumuosha maiti wao ni katika haki kubwa za aliyekufa juu ya waliobaki. Mwanzo, watu waliovaa nguo za kuzuia maradhi waliichukua miili bila ya sala wala sanda, na jamaa wakaona bora wawafiche wagonjwa kuliko kumpoteza mzee wao kama taka. Mwezi huo ndipo ulipotolewa utaratibu mpya, baada ya kushauriana na viongozi wa dini, ukiruhusu kwa Waislamu kwamba atayamamishwe maiti badala ya kuoshwa, avishwe sanda nyeupe, na jamaa wasimame kwa mbali wamsalie.

Tabibu alipokubali kusikiliza, na shekhe alipokubali kwamba dharura ina hukumu zake, maiti alipata haki yake na walio hai wakasalimika. Hapa napo mizani ni ile ile: kinachozuiwa kizuiwe kwa elimu, na aliyezuiwa apewe badala yake.

HATIMA

Ndugu Waislamu wanaokaa Ghuba na wanaokaa London wana kumbukumbu zao wenyewe katika mlango huu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliupiga mji wa Zanzibar, na daktari James Christie, aliyekuwa huko, akaandika kitabu juu yake kilichochapishwa London mwaka 1876, akizifuata njia za misafara na za majahazi ambazo maradhi yalipitia. Njia hizo ni zile zile zilizowaleta mababu, bidhaa na elimu. Na mbele ya mji huo kipo kisiwa cha Changuu, chenye majengo yaliyojengwa kuwa jela, kisha yakatumiwa kuwa karantini kwa wasafiri waliofika kwa meli. Watu wa pwani wamekwisha kuwa wenye kufunga, na wamekwisha kuwa wenye kufungiwa.

Basi yawapasa wazazi wawafundishe watoto wao mambo haya kabla ya siku ya khofu, kwani siku yenyewe ikifika hapana anayesoma. Mtoto afundishwe kunawa mikono, na kusema kweli akiulizwa na tabibu, na kukubali kutengwa ikibidi. Afundishwe pia kutomcheka mwenziwe darasani kwa ajili ya nchi aliyotoka, na kumbishia hodi jirani aliyefungiwa, japo kwa sahani ya chakula iliyowekwa kizingitini kisha mtu akarudi nyuma hatua kumi. Hatua hizo kumi ni tahadhari, na sahani ile ni haki ya jirani. Muislamu hapewi khiyari ya kuchukua moja na kuacha nyengine.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awarehemu waliokufa wakiwauguza wenzao, na azilinde nyoyo za waja wake na khofu inayozaa dhulma. Wabillahi Tawfiq.